Uji wa Mawe

Tone la iodini liliangukia uji uliokwisha kuganda, likatulia kidogo kama mtu anayetafuta jibu, kisha likatandaza rangi ya buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Mwalimu aliinua sahani juu ili kila aliyekuwamo jikoni aione. Alikuwa amefundisha sayansi katika shule ya mtaa wa machimbo tangu alipoota ndevu, na kwa muda huo wote alikuwa amedondosha iodini juu ya viazi, mikate, wali na vipande vya chaki, akiwauliza watoto wanaona nini. Sasa shule ilikuwa imefungwa, kwa kuwa wanafunzi wenye njaa husinzia na walimu wenye njaa huwaacha wasinzie, na darasa lake lilikuwa limepungua hadi kuwa familia yake.

“Mnaona nini?” aliuliza.

“Wanga!” wanawe wawili waliitikia kwa pamoja.

“Mimi naona wino,” mkewe alisema, ameegemea mlango, mikono kifuani.

“Huoni kwa sababu hutaki kuona.”

“Nataka sana, mume wangu. Siku nikiona wali nitakuwa wa kwanza kupiga makofi.”

Uji wenyewe haukutokana na nafaka yoyote. Mvua ilikuwa imegoma msimu baada ya msimu, maghala yalikuwa yamebaki na panya waliokonda, na Mwalimu, ambaye hakuwa tena na darasa na hakuwahi kuwa na shamba, alikuwa amechukua kisu na gunia akapanda kwenye kuta za machimbo nyuma ya nyumba. Huko mawe yalikuwa yamevaa kuvumwani, ule ukoga wa kijivu, mkavu, wenye mikunjo kama masikio, ambao si jani na si kuvu peke yake, bali ni kuvu na mwani walioamua kuishi pamoja mahali ambapo hakuna kiumbe mwingine ambaye angekubali kuishi. Aliukwangua, akauloweka katika maji ya majivu ili kutoa uchungu, akauchemsha. Ulipopoa uliganda, ukawa mzito, ukatetemeka sahanini kama chakula cha watu.

Mama yake, aliyekuwa ameketi karibu na jiko ingawa jiko lilikuwa limezimika, alinyoosha shingo kutazama ile buluu.

“Kwa hiyo hiki ni chakula?”

“Ni wanga, Mama. Sawasawa na ulio ndani ya unga.”

“Basi sehemu yangu ya unga wape watoto,” Mama alisema. “Mimi nipeni hiki.”

Alilisema jambo hilo kwa wepesi, kama anayempisha mtu kwenye benchi. Hata hivyo, kila mmoja jikoni alielewa uzito wake, kwa sababu kila mmoja alijua mfuko wa unga ulikuwa na nini. Ulikuwa unatoka kwenye kinu cha mjini, ambako dada mkubwa wa Mwalimu alikuwa mkemia, na ambako wafanyakazi siku hizi walilipwa kwa unga. Mfuko mmoja kwa wiki, vinywa sita. Wajukuu walikuwa wameanza kuwa na miguu myembamba na matumbo makubwa. Sehemu ya mtu mzima mmoja, ikiongezwa kwenye bakuli zao, ilikuwa na maana.

Mkemia, kama alivyoitwa hata nyumbani isipokuwa na mama yake, alikuwa amesimama nyuma ya watoto. Kutilia shaka ndiko kulikokuwa kazi yake, na aliipenda kazi hiyo kuliko alivyowapenda watu wengi. Alijua kwamba rangi ni jibu la swali moja tu, na kwamba kaka yake alikuwa na desturi ya kuuliza jingine. Lakini alitazama miguu ya wale watoto, akasema jambo ambalo halikuwa ndiyo wala hapana.

“Ngoja nikapime kwanza.”

“Kapime,” Mwalimu alisema. “Buluu ni buluu, dada.”

Maabara ilikuwa chumba kimoja juu ya ukumbi wa mashine. Zamani vumbi la unga lilitanda kila mahali, hata juu ya kope za watu, na ilibidi kupaza sauti ili kusikika. Sasa mashine zilizunguka asubuhi tu, na madirisha yalikuwa masafi kwa namna ya kuhuzunisha. Mkemia alitia uji wa mawe katika bomba la kioo, akautemea mate, kwa kuwa mate ndiyo huanza kumeng'enya wanga. Akafanya vivyo hivyo kwa kipande cha mkate. Aliyafunga mabomba yote mawili katika kitambaa, akayapachika kwapani chini ya koti lake jeupe, kwa kuwa umeme wa kupashia maji haukuwa na uhakika lakini joto la mwili wake, mpaka sasa, lilikuwa nao.

Meneja alimkuta hivyo, amekaa wima, mkono umebana ubavu.

“Umeumia?”

“Hapana, bosi. Nameng'enya.”

“Unameng'enya nini?”

“Ukoga wa mawe.”

Meneja alitazama bomba lililochungulia kwenye koti. “Hapa tunasaga nafaka, dada yangu.”

“Tangu saa nne asubuhi hatusagi chochote, bosi wangu.”

Meneja aliondoka, akafunga mlango kwa upole wa mtu anayejua kwamba mlango nao unaweza kuuzwa.

Baada ya muda Mkemia alitia dawa ya shaba katika mabomba yote mawili na kuyapasha moto. Dawa hiyo ni ya buluu. Ikikutana na sukari huwa nyekundu kama tofali. Bomba la mkate lilikuwa tofali kabisa. Bomba la uji wa mawe lilipata ukijani hafifu, kama bwawa lililosahauliwa, likakomea hapo.

Hakushangaa. Ndani ya kuvumwani mlikuwa na vitu viwili. Kimoja kilikuwa kidogo, kinafanana na wanga, na ndicho kilichoitikia iodini kwa ile buluu ya kumfurahisha kaka yake. Kingine, ambacho ndicho kilichokuwa kingi na ndicho kilichogandisha uji, kilipitwa na iodini bila hata salamu. Nacho ni mnyororo wa pete za sukari, pete zile zile za mkate na viazi. Tofauti iko kwenye fundo linalounganisha pete na pete. Vimeng'enya vya binadamu ni mikasi iliyonolewa kwa fundo moja, lile la wanga. Fundo la kuvumwani limeelekea ubavuni, na mkasi huteleza. Mtu anaweza kujaza tumbo kwa mnyororo huo, akaubeba mwendo wote wa utumbo, akautua kama alivyoupokea.

Aliyaeleza hayo nyumbani, kwa makini, akitumia uzi na vifungo vya shati. Mama alisikiliza hadi mwisho.

“Tumbo langu halijui habari za mikasi,” alisema. “Limejaa.”

“Limejaa, Mama, lakini halijala.”

“Kwangu mimi hayo mawili yamekuwa kitu kimoja siku nyingi.”

Mwalimu hakuwa amekubali. Alisimama, akatoka uani, akarudi na konokono kiganjani, mnene, anang'aa, pembe zake zikiwa zimesimama kwa ukaidi.

“Huyu je? Ukuta mzima wa machimbo umejaa konokono, wamenona kama watoto wa tajiri. Wanakula nini, hewa? Kama konokono anaweza, binadamu aliyesoma anashindwaje?”

Lilikuwa swali la kipumbavu lenye akili ndani yake, aina ya swali ambalo Mkemia hakuweza kulipita. Siku iliyofuata alimpasua konokono, akatoa maji ya tumbo lake, akayatia katika uji wa mawe, akaongeza dawa ya shaba na kupasha moto. Bomba likawa tofali. Alilitazama kwa muda mrefu. Tumaini lilimwingia kama mafua yanavyoingia, bila kubisha, na kama mafua lilianza kwa kumharibia usingizi.

Konokono wote wa machimbo wasingetosha kulisha hata mama mmoja. Lakini katika rafu ya maabara kulikuwa na kitabu kilicholiwa na mende pembeni, na kitabu kilisema kwamba kimeng'enya kama kile hupatikana pia katika shayiri inayochipua. Mkemia aliisoma sentensi hiyo, akarudia kuisoma, wala hakusimama hata mara moja kwenye neno “kama.” Mtu ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ameamini hata saa ya ukutani, siku hiyo aliamini sentensi moja, kwa kuwa alikuwa na haja nayo.

Kwenye stoo ya kinu kulikuwa na nusu gunia la shayiri, mabaki ya enzi ambazo kinu kilitengeneza kimea, yaani nafaka iliyochipushwa na kukaushwa. Meneja alikuna kidevu.

“Unataka kuipika?”

“Nataka kuichipusha.”

“Chakula kinachoweza kupikwa, wewe unakiotesha?”

“Bosi, shayiri hii ukiipika inaisha upesi. Ukiichipusha, konzi moja ya kimea inayeyusha sufuria nzima ya uji wa mawe. Mawe tunayo kwa magunia.”

Meneja alimpa, huenda kwa sababu alikuwa ameelemewa na hesabu, au kwa sababu alitaka, mara moja katika mwaka ule, kumwona mtu akitoka ofisini kwake amefurahi.

Shayiri ilitandazwa juu ya magunia mabichi chini ya kitanda cha Mkemia, na nyumba ikanuka kama mvua, jambo ambalo kila mtu aliliona ila hakuna aliyetaka kulitaja. Wifi yake pekee ndiye aliyeinama kila asubuhi kuchungulia.

“Wifi, nina swali la mtu asiyesoma.”

“Uliza.”

“Hii si tungeipika tu?”

“Nimeshakueleza, wifi.”

“Umenieleza. Nilikuwa nataka kusikia kama bado unaamini.”

Vimizizi vilipotoka waliikausha juani na kuitwanga. Mkemia alipoza uji hadi joto la maji ya kuogeshea mtoto mchanga, kwa kuwa vimeng'enya vikipashwa kupita hapo hufa, akatia kimea, akakoroga. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha mwiko ulianza kuwa mwepesi mkononi mwake. Ule uji uliokuwa ukisimama wenyewe kama jeli ulilegea, ukatiririka, ukawa majimaji yenye rangi ya chai. Watoto walishangilia kama walioona kiini macho. Alipima pale pale jikoni kwa dawa aliyoibeba kutoka kazini: tofali. Akapima kimea peke yake bila uji, kama inavyompasa mtu mwangalifu, ili asije akahesabu sukari ya shayiri kuwa ya mawe: manjano hafifu tu, dalili ya sukari kidogo. Wekundu ulikuwa wa mawe.

“Sema sasa,” Mwalimu alisema. “Sema, dada, nisikie.”

“Ni sukari.”

“Nani alisema konokono?”

“Wewe, kaka.”

“Nani?”

“Usinichoshe. Wewe.”

Mama alionja, akalamba mdomo. “Una utamu kidogo,” alisema. “Ule wa kwanza ulikuwa kama kula kioo.”

Tangu hapo Mama alikula uji wa mawe uliotiwa kimea, asubuhi na jioni, na sehemu yake ya unga ilienda kwenye bakuli za wajukuu. Tumbo lake liliunguruma, likatoa hewa kwa sauti ambazo watoto walizipa majina, na yeye akawatishia kwa mwiko huku akijizuia kucheka. Miguu ya watoto ilianza kurudisha umbo. Mwalimu aliwaeleza majirani wote waliokuwa na nguvu ya kusimama na kusikiliza. Mkemia alikuwa akiamka mapema kukoroga, akishika kipimajoto kama mhudumu wa wodi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alikuwa na jambo la kufikiria njiani kuelekea kazini.

Mama alivaa bangili ya fedha aliyovishwa alipoolewa. Kwa miaka haikuvuka kiganja chake. Fundi mmoja aliwahi kujaribu kuitoa kwa sabuni na mafuta, akashindwa, akasema mama huyu atazikwa nayo. Asubuhi moja, akiwa ameinama kuchota uji, bangili iliteleza kutoka kifundoni, ikapita vidole bila kugusa kitu, ikazama sufuriani. Haikutoa mlio. Mama alitumbukiza mkono, akaitoa, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena juu ya kiwiko, ambako pia ilicheza.

“Uji wenyewe mwepesi,” alisema. “Zamani ungeishika.”

Mkemia alimaliza kukoroga. Alikwenda kazini kwa mwendo wake wa kawaida, akavaa koti lake, akafanya kipimo ambacho alipaswa kukifanya mwanzoni.

Kipimo hiki kilikuwa kirefu na cha kuchosha. Unachukua ukanda wa karatasi ya kuchujia, unaweka matone karibu na ukingo wa chini, unausimamisha ndani ya mtungi wenye dawa kidogo, na dawa inapanda ikibeba kila kitu kadiri ya wepesi wake. Sukari iliyo pete moja, ile ambayo damu huipokea, hupanda juu sana. Minyororo hubaki nyuma. Ukimaliza unanyunyizia dawa nyingine na kupasha moto, na madoa ya kahawia hujitokeza kila moja mahali lilipofika. Aliweka tone la sukari halisi kutoka chupani, tone la uji wa mawe uliotiwa maji ya konokono, na tone la uji wa mama yake.

Doa la sukari halisi lilikuwa juu. La konokono lilikuwa juu, sambamba nalo. La mama yake lilikuwa chini kabisa, karibu na mahali lilipoanzia, zito, la duara, bila haraka.

Kwa hiyo konokono alikuwa na mikasi miwili, na shayiri, kwa kazi hii, ilikuwa na mmoja tu wa maana. Mkasi wa kwanza huukata mnyororo mrefu kuwa vipande vya pete tatu na pete nne. Ndiyo maana uji ulilegea. Mkasi wa pili huvimaliza vile vipande. Bila huo, vipande hubaki na fundo lile lile ambalo binadamu hana jinsi ya kulifungua. Dawa ya shaba haikuwa imedanganya. Haiulizi kipande kina urefu gani. Inauliza tu kama kina ncha iliyo wazi, na mnyororo uliokatwakatwa una ncha nyingi. Kaka yake alikuwa ameiamini buluu. Yeye, aliyemcheka moyoni, alikuwa ameuamini wekundu.

Siku hiyo ilikuwa siku ya kugawa unga. Meneja alisimama mlangoni mwa ghala mwenyewe, akiwa na mifuko iliyofungwa kwa chini kuliko kawaida, kwa kuwa ilikuwa imejazwa nusu.

“Msinitazame hivyo,” aliwaambia wafanyakazi. “Na mimi nimepewa huu huu.”

Alimfikia Mkemia. “Ile shayiri yako imezaa matunda?”

“Imetufundisha, bosi.”

“Afadhali basi kuna aliyenufaika,” Meneja alisema, na hakukuwa na kejeli katika sauti yake.

Mkemia aliwaeleza watu wa nyumbani jioni hiyo, jua likiwa bado dirishani, wote wakiwa wameketi kuzunguka mfuko uliolegea. Safari hii hakutumia uzi wala vifungo. Aliuweka ule ukanda wa karatasi mezani na kuonyesha doa moja moja kwa kidole. Hili ni chakula. Hili ni konokono. Hili ni Mama.

Mwalimu alisimama. Bila neno alichota uji ambao haujatiwa kimea, akauweka sahanini, akaleta ile chupa yake, akadondosha. Rangi ya buluu ilitanda kama ilivyotanda siku ya kwanza.

“Unaona?” alisema, lakini sauti yake haikuwa tena ya darasani. “Wanga upo, dada. Upo. Mtu yeyote anauona.”

Hakuna aliyemwitikia, hata watoto.

“Shayiri imebaki kiasi gani?” wifi aliuliza.

“Ya mwisho niliitia asubuhi.”

Wifi alifungua mdomo, akaufunga. Hilo, kwa kuwa alikuwa mwanamke asiyemeza maneno yake, lilikuwa zito kuliko lawama yoyote ambayo angeitoa. Nusu gunia la chakula lilikuwa limepita katika nyumba yenye njaa, likapita chini ya kitanda, likaota, likatwangwa, na kutumika kuugeuza mnyororo mrefu usioliwa kuwa mnyororo mfupi usioliwa.

“Mama,” Mkemia alisema, “kuanzia leo utakula unga.”

“Upi?”

Mkemia aliutazama mfuko.

“Nakuuliza, mwanangu. Huo nusu? Nichukue kwa nani? Nyoosha kidole hapa mezani, unionyeshe bakuli la nani nichotee.” Mama hakuwa na hasira, alikuwa akiuliza kama mtu anayeuliza njia. “Nitajie mmoja tu.”

Watoto walitazama mabakuli yao. Mdogo alivuta la kwake karibu na kifua, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

“Langu,” Mkemia alisema. “Chukua langu mimi.”

“Wewe ukianguka, huo mfuko utaletwa na nani?”

Mkemia alikuwa ametumia maisha yake akiamini kwamba kujua jambo kunabadilisha jambo, na hiyo ilikuwa imani pekee ambayo hakuwahi kuiweka ndani ya bomba la kioo kuipima. Sasa ilikuwa imepimwa. Kila mmoja mezani alijua, na uji ulikuwa ule ule.

Mama alivuta sufuria. Alikula taratibu, akakwangua kijiko ukingoni, akaweka bakuli chini.

“Nimeshiba,” alisema. Kisha akavua bangili, bila shida yoyote, akamnyooshea binti yake. “Nifungie uzi kwa ndani, isije ikaanguka tena. Nitaipotezea kisimani.”

Mkemia alileta uzi ule ule aliokuwa ametumia kuwafundisha habari za pete na fundo. Alikaa karibu na mama yake, akauzungusha kwenye fedha, mzunguko juu ya mzunguko, akiijaribu mkononi mwa mama kila mara, mpaka bangili ikakaa tena juu ya kifundo kama ilivyokaa miaka yote. Alifunga fundo. Wifi alimletea mkasi ili akate uzi uliobaki, lakini Mkemia alitikisa kichwa, akaukunja ule uliobaki na kuuchomeka upande wa ndani, mrefu wa kutosha kwa mizunguko mingine.